Santuri Moja, Rafu Nne

Mwaka 1967 watafiti wawili wa muziki wa Kifaransa, Michel Vuylsteke na Charles Duvelle, walikuwa Burundi na vinasa sauti vyao. Nchi ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru, na ufalme ulikuwa umepinduliwa Novemba ya mwaka uliotangulia. Katika kijiji kimoja wakawanasa wapiga ngoma 25 wakipiga ngoma ambazo kwa karne nyingi zilikuwa mali ya mwami, yaani mfalme. Mwaka 1968 lebo ya Ocora, iliyokuwa chini ya redio ya serikali ya Ufaransa, ikatoa santuri yenye jina lisilo na mapambo: Musique du Burundi.

Wachache waliinunua. Lakini kipande kimoja kilitoka ndani yake kikaenda mbali kuliko msafiri yeyote wa Bujumbura wa enzi hizo. Mwaka 1971 mpangaji muziki wa Paris, Michel Bernholc, alikichukua kipande cha ngoma, akaongeza juu yake gitaa, kinanda na dramu za kizungu, akakiita "Burundi Black". Uingereza kilipanda hadi nafasi ya 31 kwenye chati ya nyimbo zinazouzwa zaidi. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, aliuzungusha utepe wa mapigo yaleyale chini ya sauti yake katika wimbo "The Jungle Line". Kufikia 1980 na 1981, vikundi vya London kama Adam and the Ants na Bow Wow Wow vilikuwa vimejenga mtindo mzima juu ya mdundo huo, hata ukapewa jina la nchi yenyewe: mdundo wa Burundi. Lile toleo la Bernholc likachanganywa upya na kurudi madukani. Fedha ziliingia, ila si kwa wale 25, na wahakiki wa muziki wa Marekani waliliandika jambo hilo waziwazi wakati huohuo.

Mwenye duka la santuri wa miaka ile alikuwa na tatizo lake. Mapigo ni yaleyale, mikono ni ileile, lakini Ocora ilikaa kwenye rafu ya muziki wa kiasili, pamoja na rekodi zinazonunuliwa na maktaba za vyuo. Bernholc alikaa kwenye pop. Joni Mitchell alikuwa kwenye roki. Wapiga ngoma wa Burundi walipofika wenyewe Uingereza mwaka 1982, kwenye tamasha la kwanza la WOMAD lililofanyika Shepton Mallet, hakukuwa na rafu iliyowafaa. Ikabidi itengenezwe ya nne.

Rafu hiyo inajulikana hata siku iliyozaliwa. Tarehe 29 Juni 1987, katika baa ya Empress of Russia kaskazini mwa London, walikutana wenye lebo ndogo za muziki na waandishi wachache. Malalamiko yao yalikuwa ya kibiashara na ya haki: mteja anasikia wimbo wa Mali au wa Bulgaria redioni, anakwenda dukani, muuzaji hajui aliuweka wapi. Wakapima majina kadhaa, wakachagua "World Music", wakachanga fedha za kampeni, wakachapisha kadi za kutenganisha santuri kwenye visanduku vya maduka. Hawakuwa na nia mbaya, na wanamuziki wengi wa Afrika walipata wasikilizaji kwa sababu ya kadi zile. Lakini kadi hiyo hiyo ilimweka Mrundi anayenong'ona hadithi za wafalme kando ya kwaya ya wanawake wa Bulgaria, kwa kigezo kimoja tu: wote wawili si wa hapa. Tuzo za Grammy zililiacha jina hilo mwaka 2020 na kuweka "global" mahali pake. Wakati huo sanduku lilibaki moja.

Msiba mkubwa zaidi, hata hivyo, umo ndani ya santuri yenyewe. Musique du Burundi si santuri ya ngoma. Ngoma ni sehemu yake tu. Imebeba pia inanga na akazehe, na hizo karibu hakuna aliyezipeleka popote.

Inanga ni ubao mmoja uliochongwa mrefu na kutobolewa tumbo kidogo kama chano. Uzi mmoja, zamani wa mshipa wa ng'ombe, hupitishwa kwenye meno ya upande huu na kurudishwa upande ule hadi uwe nyuzi nane au karibu na hapo. Mpigaji huketi, huuegemeza ubao mwilini, na badala ya kuimba hunong'ona. Mnong'ono hauna sauti ya juu wala ya chini, ni pumzi na maneno. Nyuzi ndizo zenye sauti. Hata hivyo anayesikiliza kwa karibu huapa kwamba yule mtu anaimba, na kwamba maneno yenyewe yanapanda na kushuka. Mtaalamu wa muziki Cornelia Fales aliichambua ajabu hii katika jarida la Ethnomusicology mwaka 2002: sikio linazichukua pumzi na nyuzi na kuziunganisha kuwa kitu kimoja ambacho hakipo kinywani wala kwenye ubao. Ni ufundi wa hali ya juu, uliobuniwa kwenye milima hii bila maabara wala kompyuta.

Akazehe nayo ni salamu. Wanawake wawili wanaokutana huimbiana, mmoja akirudiarudia fungu fupi la sauti, mwenzake akipachika maneno ya habari na heri katikati, upesi mno hata mgeni hashiki ni yupi aliyeanza na yupi aliyeitikia. Wasichana walijifunza kwa mama zao. Walionaswa mwaka 1967 walikuwa mabinti, na sauti zao ziko kwenye rekodi hadi leo, safi kabisa.

Kwa nini basi ngoma ikaenda London na inanga ikabaki kwenye jalada? Sababu mojawapo ni ya masikio na mahali. Ngoma hushinda kelele. Mnong'ono hauwezi. Ukiweka inanga kwenye kabare, yaani baa, ya mtaa wa Bwiza, Bujumbura, jioni, burosheti zikiwa jikoni na pikipiki zikipita mlangoni, utaona spika inapumua tu. Kwa hiyo hata Mrundi anayeipenda hana saa ya kuipiga, na muziki usio na saa yake hukaa kabatini bila mtu yeyote kuukataa.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo kwa mji kama Bujumbura. Watu wa hapa hawapangi muziki wao kama duka la Paris linavyopanga. Wanaupanga kwa lugha na kwa shughuli. Lugha kwanza, kwa sababu mji wenyewe umekaa njia panda: Uvira iko ng'ambo ya mpaka wa Gatumba, na Lingala na Kiswahili cha Kongo vinaingia kila asubuhi pamoja na wachuuzi, na Kigoma iko kusini kwenye Ziwa Tanganyika, ziwa hilohilo la Bujumbura, nayo inaleta nyimbo za Tanzania. Mitaa ya Buyenzi na Bwiza inaongea Kiswahili tangu zamani za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Kirundi ni cha wote, na Kifaransa ni cha shule na ofisi. Kabati la nyumba moja ya Buyenzi laweza kuwa na lugha zote nne, na hakuna anayeona ajabu.

Halafu shughuli. Kijana anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi karibu na soko la Ruvumera hamuulizi mteja anapenda mtindo gani. Anamuuliza, "Kaka, za nini?" Za harusi, za kanisani, za gari, za kabare, za msiba. Jibu likitoka, mafaili yanajipanga yenyewe. Za harusi Buyenzi zitakuwa na taarabu na bongo fleva ndani, na rumba ya kutosha kwa wazee. Za kanisani zina kwaya za Kirundi na za Kiswahili. Za gari ni chochote kinachomzuia dereva kusinzia kwenye milima ya kwenda Gitega. Mpango huu una akili kubwa, kwa sababu unaujua muziki kwa kazi yake. Kasoro yake ni kwamba albamu isiyo na kazi haina pa kukaa.

Khadja Nin anaonyesha jambo hilo vizuri. Alizaliwa Burundi mwaka 1959, akaondoka, akafanya kazi yake Ulaya, akaimba kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa. Albamu zake za miaka ya 1990, ikiwemo Ya Pili ya 1994 na Sambolera ya 1996, zilimfanya kuwa sauti ya Burundi inayojulikana zaidi nje ya nchi. Kwenye Sambolera kuna "Sina Mali, Sina Deni", ambao ni wimbo wa Stevie Wonder uliovikwa Kiswahili. Madukani Ulaya aliwekwa kwenye muziki wa dunia, na hiyo ilitosha. Bujumbura je? Si taarabu, si dansi, si rumba, si kwaya. Muziki wake ni wa polepole mno kwa harusi na umeng'arishwa mno kwa kabare. Watu wanajivunia jina lake, wanaitunza CD yake kwenye kabati la kioo sebuleni, karibu na picha za familia. Kuipiga ni jambo jingine. Ni albamu ya heshima, na heshima ya aina hiyo huutia muziki vumbi.

Kuna rafu moja Burundi inayofuta zote nyingine, nayo ni karahanyuze. Mtanzania ataielewa mara moja, kwa kuwa ana zilipendwa zake. Kigezo chake ni umri peke yake. Wimbo ukishapita miaka ya kutosha unaingia, uwe wa huzuni au wa kucheza, wa gitaa kavu au wa bendi nzima yenye tarumbeta. Amabano, bendi iliyokuwa ikipiga kwenye redio ya taifa, imo. Canjo Amissi yumo. Christophe Matata, aliyefariki Afrika Kusini mwaka 2011, yumo. Na sasa nyimbo za mwanzo za Kidum, aliyekimbilia Kenya wakati wa vita na kuijenga sauti yake Nairobi, nazo zinaanza kuvutwa humo ingawa mwenyewe angali jukwaani.

Karahanyuze ni rafu yenye upendo. Ndiyo inayopigwa Jumapili mchana, na baba wa nyumba hufumba macho kidogo ikifika kwa Matata. Lakini upendo huo una uvivu wake. Hao wanamuziki hawakufanana. Mmoja alitoka kwenye mahadhi ya Kirundi, mwingine alisikiliza sana rumba ya Kinshasa, mwingine alitaka zuku. Ukiwamwaga kwenye faili moja la saa tatu bila majina, msikilizaji kijana atatoka akidhani muziki wa wazazi wake ulikuwa wimbo mmoja mrefu.

Huko Kongo jambo hili lilijulikana mapema. Lebo za Léopoldville (Kinshasa ya leo) za miaka ya 1950, mfano Ngoma iliyoanzishwa na Mgiriki Nico Jéronimidis mwaka 1948, ziliandika kwenye karatasi ya katikati ya sahani jina la mwimbaji, mtindo wake na hata lugha yake: rumba, bolero, cha-cha, Lingala au nyingine. Karatasi yenyewe ni ndogo kama kiganja cha mtoto, inazunguka mara 78 kwa dakika, na bado ilibeba habari ambazo faili la leo halina. Mnunuzi wa Usumbura aliyeshika sahani ile alijua ananunua nini kabla sindano haijagusa.

Faili la leo lilivyopoteza habari hizo ni kisa cha kiufundi, lakini kinastahili kusimuliwa. Mwaka 1996 mtu aitwaye Eric Kemp alibuni namna ya kuandika habari za wimbo ndani ya faili la MP3. Aliweka herufi 128 mwishoni mwa faili: 3 za alama ya kuanzia, 30 za jina la wimbo, 30 za mwanamuziki, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na herufi moja tu ya mtindo. Herufi hiyo moja ilikuwa namba, na kila namba ilisimama badala ya mtindo mmoja katika orodha ya mitindo 80. Humo kuna polka. Kuna aina kadhaa za roki. Rumba haimo, taarabu haimo. Namba 48 ndiyo iliyoachwa kwa ajili ya watu kama Warundi: "Ethnic". Hivyo ngoma, inanga, akazehe, na pengine Khadja Nin mwenyewe, wote waliweza kuvikwa namba moja. Kijana wa Ruvumera hajawahi kusikia habari za Kemp, lakini anaponakili nyimbo na simu ikaonyesha "msanii hajulikani", anavuna shamba lililopandwa wakati huo.

Serikali nayo ina rafu zake. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya kifalme ya Burundi kwenye orodha ya urithi wa binadamu, na nchi nzima ilifurahi kwa haki. Oktoba 2017 likatoka agizo la rais: wanawake wasipige ngoma, vikundi visajiliwe wizarani, na anayetaka ngoma kwenye sherehe isiyo rasmi aombe kibali na kulipa faranga 500,000. Kilichokuwa kikisikika kwenye harusi ya mtu wa kawaida kikapandishwa juu ya uwezo wake. Watetezi wa agizo walikumbusha kwamba hapo kale ngoma haikupigwa ovyo. Ni kweli: Karyenda, ngoma kuu takatifu, ilitolewa nje kwa nadra, hasa kwenye umuganuro, sherehe ya kupanda mtama, na huko Gishora karibu na Gitega ngoma zilikuwa na walinzi wa ukoo maalumu. Lakini nadra ile ilikuwa na kalenda, na kila mtu aliijua siku ya kungojea. Nadra ya ada haina siku. Na vikundi vya wanawake vilivyokuwa vimeanza kupiga vilinyamazishwa kwa kalamu, jambo ambalo hakuna utamaduni ulio hai unaolihitaji.

Kutunza ni jambo lingine ambalo mji huu umelipa kwa machungu. Kwa miongo mingi kabati kubwa la muziki la Bujumbura lilikuwa redio. Nyumba chache zilikuwa na gramafoni. Karibu zote zilikuwa na redio, na baadaye redio kaseti, na kijana alikaa na kidole kwenye kitufe akisubiri mtangazaji anyamaze ili anase wimbo. Kaseti nyingi za Buyenzi ni za namna hiyo: upande wa A rumba, upande wa B Kirundi, na sauti ya mtangazaji ikikatika katikati ya jina la mwimbaji. Vita vilivyoanza Oktoba 1993 vikawafukuza watu mtaa kwa mtaa, na anayekimbia habebi santuri. Soko kuu likaungua Januari 27, 2013. Mei 2015, katika jaribio la mapinduzi na siku zilizofuata, redio za binafsi zikashambuliwa: RPA, Bonesha, Isanganiro, Renaissance, na Rema ya upande wa serikali. Redio inapoungua, hauungui mtambo peke yake.

Kwa hiyo kile kilichobaki kwenye makabati ya nyumba kimekuwa kizito kuliko kilivyokuwa. Kaseti isiyopigwa tangu mashine ya kuipiga iharibike, CD iliyokwaruzwa, santuri iliyopinda kwa joto la bonde la Rusizi: hizo ndizo nakala. Wengine wameanza kuzihamishia kwenye simu na mitandaoni, na kazi hiyo inastahili shukrani kubwa. Lakini nyingi hupanda zikiwa zimebandikwa neno moja tu, karahanyuze, na picha ya ziwa. Duniani kote tatizo ni hilohilo kwa kipimo kikubwa zaidi: kampuni ya takwimu za muziki Luminate ilihesabu nyimbo milioni 184 kwenye majukwaa ya kusikilizia mwaka 2023, na milioni 45.6 kati yake hazikupigwa hata mara moja mwaka mzima. Wimbo usio na jina la mtu wala la mtindo hauwezi kutafutwa. Upo, na haupo.

Burundi ina sheria ya haki za watunzi tangu Desemba 30, 2005, na ina ofisi ya kuzisimamia, OBDA. Ofisi hiyo haiwezi kumlipa mtu ambaye jina lake halikuandikwa popote. Majina mengi yangali yanapatikana. Wako Buyenzi na Kamenge watu waliopiga besi kwenye bendi za miaka ya 1970 na wanakumbuka nani alitunga nini, nani aliimba kiitikio, wimbo ulirekodiwa studio ya redio au uwanjani. Wako Gitega wanaojua ni kikundi cha mlima upi kilichopiga kwa namna gani. Ni wazee sasa. Kinachohitajika ni daftari, kinasa sauti cha simu, na mjukuu wa kuketi nao kaseti ikizunguka, aulize kila wimbo: nani, wapi, mwaka gani, kwa shughuli ipi, na babu, huyu anayenong'ona ni nani?